Risasi ya Jirani

Harnish Mills, Pennsylvania
Jumatatu, 19 Julai 1993

Kwa Shangazi Lavina,

Natumaini hujambo huko Nebraska. Hunijui vizuri. Mara ya mwisho uliponiona sikuwa na meno ya mbele, na anwani yako nimeiokota kwenye bahasha ya rambirambi uliyomtumia Mama mwezi wa Aprili. Mimi ni Tirzah, binti wa kaka yako Menno. Nina miaka kumi na sita. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye anaujua mchezo wa bunduki ya benchi, huu wa kubana risasi tano pamoja karatasini, na hayupo hapa kunitazama usoni.

Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa Shade Hollow, nilipiga kundi dogo kuliko lolote lililowahi kupigwa pale kwa yadi mia mbili. Risasi tano kwenye tundu ambalo kifungo cha shati kinalifunika. Limeipita rekodi ya Baba, ile iliyo ubaoni tangu mwaka niliozaliwa.

Shangazi, nilipiga nne.

Ya tano ninayo. Iko ndani ya soksi, kwenye droo yangu, nzima na baruti yake. Nimeitoa sasa hivi kuitazama, kisha nimeirudisha.

Ilikuwa hivi. Nilichagua upepo wa kushoto, mikia ya vibendera vya upepo imelala nusu, nikapiga nne humo, polepole kama kawaida yangu. Kisha upepo ukageuka. Nikasema nitangoja urudi. Unamkumbuka Baba alivyokuwa: nne haraka haraka kama cherehani, halafu ya tano anaiatamia mpaka watu wanaanza kukohoa. Mimi haraka sina, ila kungoja nilijifunza kwake. Nikangoja, upepo haukurudi, dakika saba za raundi zikaisha na Orville Strayer, ambaye bado ndiye msimamizi wa uwanja, akapaza sauti, "Acheni kupiga. Toeni makomeo." Nikatoa komeo la bunduki, nikaitia risasi mfukoni. Nikajiambia basi, kundi la risasi nne linafutwa, hakuna atakayekumbuka kwamba nilikuwepo.

Kisha wakaleta shabaha kutoka uwanjani.

"Kumbe huyu bubu wetu alikuwa anatuchora tu," Delbert Rupp akasema. Yeye ndiye anayekaa kushoto kwangu. "Mwaka mzima hasemi neno, leo kasema kwa mdomo wa mtutu."

Orville akakunjua utepe, ule wa karatasi unaovutwa polepole nyuma ya shabaha ili hata risasi zikipita tundu moja, kila moja iache alama yake. Akahesabu kwa sauti watu wote wasikie. Moja, mbili, tatu, nne. Tano.

Nilifungua mdomo. Nimesoma kwa lugha mbili, Kijerumani shule ya kanisa na Kiingereza shule ya wilaya, na ninanyamaza kwa zote mbili. Kabla sijapata neno, Mama alikuwa ameshafika, amenikumbatia mbele ya watu, anacheka. Hajacheka tangu tumzike Baba. Nikaufunga mdomo.

Shabaha iko kwa Orville mpaka shindano la mwisho, tarehe 25 Septemba. Siku hiyo itatiwa sahihi na kupelekwa kwa kamati ya vipimo, na ikirudi, jina langu litapigwa msumari juu ya la Baba. Nikisema ukweli, Mama atarudi kukaa jikoni taa ikiwa imezimwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemnyang'anya Baba kitu chake kwa risasi ambayo hata sijui ni ya nani.

Sina mwingine wa kumuuliza. Kama hutaki kunijibu, si neno.

Mwanao,
Tirzah


Dry Fork, Nebraska
27 Julai 1993

Mwanangu Tirzah,

Kwanza, mimi sijambo. Pili, acha kuandika "si neno." Ukimwandikia mtu jambo kama hili, ni neno.

Sasa tuliza moyo. Karatasi haizai matundu. Risasi yako ya tano ina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu aliyechanganya shabaha akapiga yako badala ya yake. Risasi ya jirani. Wanaume wazima wamefanya hivyo, mabingwa wamefanya hivyo. Darubini inakuonyesha kipande kidogo cha dunia, jicho linachoka, mkono unasogea nyuzi moja, na tayari uko kwa watu.

Usiangalie utepe. Utepe kazi yake ni kuhesabu. Angalia kadi iliyo nyuma yake, ile isiyotembea. Risasi zako zinaingia moja kwa moja, ya jirani inakuja mshazari, kwa hiyo kwenye kadi itajitenga kidogo na wenzake. Ikijitenga kulia, imetoka kushoto kwako. Ikijitenga kushoto, imetoka kulia. Muombe Orville uitazame, mwambie unataka ukumbusho. Weka karatasi ya kuokea juu yake, uchore kwa penseli iliyochongwa vizuri, kisha unitumie. Na uniambie nani alikuwa kulia kwako.

Akishajulikana, dawa yake unaijua. Mwenye risasi anasimama kwenye benchi lake, komeo mkononi, anasema, "Ni yangu." Risasi inaondolewa, wewe unabaki na nne zako, kundi linafutwa, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Nadhani umesikia kwamba mimi niliwahi kusimama. Kwenye shindano kubwa, risasi yangu ikiwa imeingia kwenye shabaha ya baba yako, naye akiwa anaelekea kushinda. Hakunitukana. Alisema tu, "Lavina, hiyo ni yako, simama," na watu wote wakageuka. Nikasimama. Kusimama si kitu, mwanangu. Kinachouma ni kukaa tena. Mimi sikukaa. Nilipakia gari.

Delbert Rupp bado anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa? Nina hakika ni yeye.

Shangazi yako,
Lavina


Harnish Mills
2 Agosti 1993

Shangazi mpendwa,

Mchoro huu hapa. Nimeuchora mara mbili ili usiseme mkono ulitetemeka.

Delbert si yeye. Tano zake ziko zote kwenye shabaha yake, mbaya mbaya, ametawanya kama anayelisha kuku. Alikuwa amemaliza zamani, na ndiyo, alikuwa anakunywa kahawa kwenye kifuniko.

Kulia kwangu ni Baba.

Desturi unaijua: mtu akifariki baada ya kujiandikisha, nafasi yake haijazwi mpaka msimu uishe. Januari Baba alijiandikisha kulia kwangu, akasema anataka anisikie nikipumua vibaya. Aprili moyo wake ukasimama ghalani, mizani ya baruti ikiwa bado inacheza. Wenzake wakasimika vibendera vyake vinne pale pale alipozoea kuvisimika. Na kwa kuwa kila raundi sote tunasogea benchi moja, nafasi yake nayo inasogea. Msimu huu wote benchi tupu linatembea pembeni yangu.

Wanamtundikia shabaha kama mtu yeyote. Orville akiita majina anafika kwake, anasema "Menno," anangoja kidogo, anaendelea. Jioni shabaha safi anapewa Mama. Zote zipo kwenye mlango wa friji, zimebanwa kwa sumaku za matunda, nyeupe, hazina hata doa. Mama hupitisha kitambaa juu yake anapofuta vumbi.

Utaona kwenye mchoro lile tundu la pembeni limejitenga kushoto.

Kuna kitu sikukuandikia barua ya kwanza, kwa sababu nilitaka unione mtu mwenye akili. Orville alipokuwa anavuta pumzi aseme "Acheni," nilihisi pumzi ya mtutu shavuni. Shavu la kulia. Unajua inavyokuwa jirani akipiga, ile hewa inavyokuzaba kofi dogo la moto lenye harufu. Mlio sikuusikia, labda ni vizibo vya masikio. Lakini mfuko wangu wa mchanga ulitetemeka, niliuona. Nikageuka. Benchi lilikuwa tupu, zege tu na jani moja la mwaloni. Ila juu ya zege, pale ambapo mtutu ungekuwepo, mazigazi yalikuwa yanapanda kama yanavyopanda kwenye chuma kilichopata moto. Yakapanda, yakaisha.

Na kingine. Kibendera chake cha tatu, cha bondeni kando ya mtaro. Kila mtu anasema upepo wa pale hauna adabu. Siku ile, kabla ya kila risasi yangu nzuri, kilitulia kwanza. Vingine vyote vinacheza, chenyewe mkia chini kama mbwa anayesikiliza. Nilikuwa napiga kikitulia. Niliacha kutazama vibendera vyangu.

Sijamwambia mtu. Mama amemualika mchungaji kwa chakula Jumapili ili amwonyeshe picha ya shabaha yangu.

Mwanao,
Tirzah


Dry Fork
16 Agosti 1993

Tirzah,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa napima. Nimeupima mchoro wako kwa rula, nikaazima rula nyingine kwa jirani. Nimepiga hesabu ya umbali wa kadi na nafasi kati ya mabenchi, jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani. Jibu ni benchi moja kulia. Si mawili, wala si nusu.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtu mzima. Ninaendesha basi la shule, na nimedanganywa na watoto wa kila umri. Je, ulikaa kwenye benchi la baba yako? Labda asubuhi, kabla watu hawajafika, ukapiga moja kutoka pale kwa ajili yake? Ningeelewa. Au ulichora kile ulichotaka nikione? Hilo pia ningelielewa. Msiba unamfanya mtu aseme mambo, na mtoto mkimya ana mengi zaidi ya kusema.

Lakini usinichezee kwa jina la Menno. Najua sikuja kumzika. Nilifika kituo cha basi nikiwa na sanduku, nikarudi nyumbani. Kama unataka kunichoma kwa hilo, nichome waziwazi, usinitumie mazigazi.

Lavina


Harnish Mills
20 Agosti 1993

Shangazi,

Sikukuchezea. Shabaha hutundikwa raundi ikianza, kwa hiyo hakuna anayeweza kupiga asubuhi. Unalijua hilo kuliko mimi.

Sitakusumbua tena. Kesho tuna shindano la Agosti. Mama ananishonea jina kwenye koti.

Tirzah Eshelman


Dry Fork
9 Septemba 1993

Mwanangu,

Hujaniandikia na sikulaumu. Nimeandika barua hii mara kadhaa, nikaipasua. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilipoondoka Pennsylvania nilichukua kibendera kimoja cha baba yako. Hakunipa. Nilikitia chini ya kiti cha gari. Ni kile cha zamani, gurudumu limekatwa kwenye kopo la bati, nusu nyekundu nusu nyeupe, mkia wa utepe wa pinki wa wapima ardhi. Tulikitengeneza pamoja tukiwa watoto, na nyundo ilimpiga kidole. Miaka yote hii kilikuwa kwenye stoo nyuma ya ndoo za rangi.

Siku niliyokuandikia maneno yale nilikitoa, nikakisimika uani kati ya nyumba na sanduku la barua. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kukuonyesha kwamba kibendera ni bati na plastiki.

Huku upepo haulali, tunaishi nao kama mkwe. Leo asubuhi ulikuwa unatoka mashariki, wa nguvu. Majani yote yamelala magharibi. Shuka zangu kwenye kamba zimenyooka magharibi. Mkia wa kibendera, Tirzah, ulikuwa umenyooka mashariki. Umeuelekea upepo usoni, umekaza, kama mtu kaushika ncha anauvuta. Gurudumu lilikuwa halizunguki.

Nilisogea. Nikaweka kiganja mbele yake nikahisi upepo unapiga kiganja. Nikakaa pale mpaka basi likachelewa na watoto wakanisubiri barabarani. Mashariki ndiko kwenu. Nikasema kwa sauti, kama mwehu, "Menno, nakuona." Mkia ukaanguka.

Nisamehe kwa barua ile. Nilipima vizuri, nikaona jibu, nikakuchukia wewe kwa sababu ya jibu.

Kuhusu la kufanya, sina cha kukufundisha. Mama yako ni mama yako, jina ni jina lako. Ninachojua ni ile sheria yetu moja: risasi ya jirani lazima mtu aisimamie. Isiposimamiwa inabaki juu ya yule iliyemwangukia. Na baba yako hawezi kusimama.

Ile ya soksini bado unayo?

Shangazi yako,
Lavina


Harnish Mills
Jumapili, 26 Septemba 1993

Shangazi mpendwa,

Nilikuwa nayo mpaka jana. Sasa sina.

Sikukujibu kwa sababu nilijua ningekuomba uniambie nifanye nini, na ungeniambia, halafu ningesema nimetumwa.

Jana kulikuwa na baridi ya asubuhi na jua kali mchana, mazigazi yakichemka uwanja mzima. Mama alikuja na mayai yaliyolowekwa kwenye siki ya kiazi chekundu na pai mbili za molasi, amevaa gauni la kanisani, kwa sababu baada ya raundi ya mwisho shabaha yangu ya Julai ingetiwa sahihi mbele ya watu. Orville alikuwa ameiweka mezani kwenye fremu. Delbert akanigonga bega: "Leo usitupige sana, bubu. Tuachie hata makombo." Nikacheka.

Raundi ya mwisho Orville akaita majina. Rupp. Eshelman, Tirzah. Akafika kwake. "Menno." Akangoja. Sote tulikuwa tunajua ni mara ya mwisho kuitwa, na wanaume wakavua kofia. Kisha, "Anzeni."

Nikapiga zangu nne. Zilinichukua muda, upepo ulikuwa unabadilika kama mtu anayegeukageuka kitandani. Nne tu, kwenye shabaha yangu. Kisha nikatoa ile ya soksi.

Kuisogeza bunduki nzito ya benchi kwenye shabaha ya pembeni si kitu cha kufichika. Unasukuma kitako, unavuta mfuko wa mbele, mchanga unalia. Delbert akaona.

"Wee mtoto," akaninong'oneza, "hiyo siyo yako. Rudi kushoto."

Niliweka jicho. Shabaha ya Baba ikaja ndani ya darubini, nyeupe, na katikati yake palikuwa na kitu kidogo cheusi kama inzi. Nikafuta kioo kwa kidole. Hakikutoka. Nikasema ni vumbi la ndani, nikakilenga hicho hicho kwa sababu hapakuwa na kingine cha kulenga.

Kibendera cha bondeni kilikuwa kinacheza. Nikangoja. Nyuma yangu mtu akakohoa, na mwingine. Nilijua Orville anatazama saa. Nikasema moyoni, Baba, sina dakika nyingine. Kikatulia. Mkia ukashuka taratibu, kama unavyoweka kitu chini usiamshe mtu. Nikagusa kifyatulio.

Nilitazama tena darubinini. Inzi yuko pale pale, hajakua. Nikadhani nimekosa karatasi nzima.

"Acheni kupiga. Toeni makomeo."

Nikatoa komeo. Nikasimama nalo mkononi. Nikasema, "Ni yangu." Haikusikika. Nikasema tena, "Ile kwenye shabaha ya Menno ni yangu."

"Tumeona, Tirzah," Orville akasema kwa upole. "Bahati mbaya. Kaa."

"Sikai bado. Na ile ya tano ya Julai siyo yangu. Nilipiga nne. Ninyi mlihesabu tano na mimi nikanyamaza."

Kiingereza kikaniishia kabisa mdomoni, nikamalizia kwa Kijerumani cha nyumbani, na wazee wakaelewa, na vijana wakawauliza wazee. Nilisema rekodi ni ya Baba, iachwe ilipo. Nilisema samahani Mama. Hakuna aliyecheka, hata Delbert. Aliangalia benchi tupu, akajisogeza upande wa pili wa kiti chake.

Halafu nikakaa, Shangazi. Ulisema kweli, inauma. Lakini nilikaa.

Orville aliitoa shabaha ya Julai kwenye fremu, akaikunja mara mbili. Akaenda mwenyewe uwanjani kuleta karatasi, hakumtuma mtu. Alikawia huko. Aliporudi alimpa Mama shabaha ya Baba kama kila mara, naye akaipokea kwa mikono miwili kama kila mara. Katikati ya karatasi pana tundu moja, duara, dogo. Nilikuwa naogopa kumtazama. Akaiinua kwenye jua, akachungulia.

"Afadhali," Mama akasema. "Nilikuwa nimechoka kuletewa karatasi tupu."

Nyumbani akaziondoa zote mlangoni mwa friji, akabandika hiyo peke yake. Hakuniuliza habari za rekodi. Alikaa jikoni, taa inawaka, akanikatia pai, akaniambia siku ya kwanza Baba alipomleta Shade Hollow yeye alilala kwenye gari, amechoshwa na kungoja ile ya tano. Akacheka, si sana.

Lakini kuna jingine. Tulipokuwa tunapakia gari, Orville alinifuata peke yake.

"Ulipiga ngapi kwake?"

"Moja."

"Moja," akarudia. Alikuwa ameshika utepe wa shabaha ya Baba, umeviringishwa na kufungwa mpira. Akanitia mkononi. "Mimi huu sijauona. Umesikia? Sijauona."

"Na kadi?"

"Kadi nimeshaitia motoni." Kisha akaondoka kwa haraka isiyo ya umri wake.

Utepe nimeufungua chumbani. Nimehesabu, nimehesabu tena, na sitaki kukuambia ni ngapi kabla hujahesabu mwenyewe. Naufunga humu ndani ya barua. Usiukunje.

Mwanao,
Tirzah


Dry Fork
3 Oktoba 1993

Mwanangu Tirzah,

Ni tano.

Nimeulaza kwenye meza ya jikoni na vikombe pembeni usijiviringe. Tano, za kipimo kimoja, safi, na shabaha iliyokuwa mbele yake ina tundu moja. Nimekaa nao tangu nitoke kanisani na chakula kimepoa.

Umehesabu vizuri, lakini hukuusoma. Nilikuambia utepe kazi yake ni kuhesabu, na hapo nilikupunja. Utepe unavutwa kwa mwendo mmoja kuanzia "Anzeni" mpaka "Acheni." Kwa hiyo nafasi kati ya tundu na tundu ni muda. Mtu anayejua kuutazama anaona pale mpigaji alipoharakisha na pale alipoogopa.

Ulaze kichwani mwako kama nilivyoulaza mimi. Nne za kwanza ziko mwanzoni kabisa, zimebanana, nikiweka kidole gumba nazifunika zote. Hizo unazijua. Ungezijua popote. Wewe wakati huo ulikuwa hujapiga hata ya kwanza.

Kisha karatasi nyeupe. Viganja vyangu viwili, na kidogo tena. Hakuna kitu.

Kisha, mwisho kabisa, karibu na pale ulipokatwa, ya tano. Hiyo ni ya soksi.

Baba yako alikuwa na upepo mzuri kwa nne. Angeweza kuipiga ya tano mwenyewe, akakuachia.

Mwambie Orville msimu umeisha, na nafasi iliyo kulia kwako iko wazi kwa mujibu wa desturi. Aniandikishe mimi. Akikunja uso, mwambie Lavina Eshelman anarudi kukaa. Mama yako nitamwandikia kando, nina miezi mingi ya kumlipa.

Kibendera nitakuja nacho mwenyewe, sitakituma kwa posta. Kipo hapo nje, nakiona kutoka mezani. Tangu Jumamosi ile huku kunavuma, jana upepo uliangusha antena ya jirani na kuning'olea shuka kwenye kamba. Mkia wake umening'inia wima, hautikisiki.

Shangazi yako,
Lavina